Kigango cha Baba na Treni ya Saa Nne

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kigango cha Baba kimeinama. Si uvumi tena. Nimekipima mwenyewe kwa timazi: uzi, na kufuli la baiskeli kwenye ncha yake. Inchi mbili na nusu kutoka wima, kuelekea nyumba ya Gona. Gona! Ndugu yangu mdogo, mkusanya maziwa, mtu ambaye hajawahi kumaliza kitabu chochote isipokuwa kitabu cha risiti.

Shangazi Pola alifika saa mbili kutoka kwake ng'ambo ya barabara kuu. Akasimama mbele ya kigango, akainamisha kichwa upande uleule. Kisha akasema kaka yake amechoka kunitazama.

Nilimweleza kwa upole (Zipporah, mke wangu, anasema haukuwa upole) kwamba kigango ni ubao wa mti mgumu, umechongwa na kusimikwa kwa ukumbusho wa marehemu, na hauna shingo ya kugeuzia. Akauliza, kama hauna shingo, mbona umegeuka? Kuniuliza hivyo! Mimi! Mtu aliyewanyamazisha wakaguzi wawili wa shule, mmoja wao mbele ya mkewe!

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Baba afariki, mimi ndiye mwenye mudzi, msimamizi wa boma letu hapa Mariakani. Ndimi ninayemimina mnazi, tembo letu la nazi, kwa kifuu chini ya kigango na kusema naye kwa niaba ya wote. Sasa Shangazi ameita kikao Jumamosi ya tarehe 16. Ajenda ni moja: ikiwa marehemu amegeukia kwa Gona, kifuu apewe Gona.

Na kukinyoosha ni mwiko. Kigango kikishasimikwa hakiguswi. Wazee wamelisema hilo tangu sijazaliwa.

Saa nne, nikiwa bado nimeshika uzi, treni ya mizigo ikapita kule kwenye tuta. Nyayo zangu zikahisi ardhi. Kufuli likayumba!

Nimempata mkosaji. Ana mabehewa hamsini.

Jumanne, 5 Agosti

Barua ya kumi na tisa kwa wenye reli imekamilika. Kurasa sita. Zile kumi na nane za mwanzo hazijajibiwa. Nakala nimempelekea kila mtu mwenye anwani: magazeti matatu, ofisi za kaunti Kilifi, na chuo kimoja cha uhandisi.

Mwandiko wangu umetulia vizuri, nashukuru. Februari meza hii ilikuwa inatetemeka, herufi zinarukaruka kama za mlevi. Treni, bila shaka. Ndipo nikachukua mipira minne minene iliyokuwa chini ya injini ya mashine yangu ya kusagia mahindi, nikaivisha miguu ya meza. Mbaruk, mtu wa Malindi anayeniendeshea mashine, mwenye adabu ya kuudhi, alisema, kwa idhini yako, Mwalimu, mipira ile haikuwekwa pale kwa mapambo. Nikamjibu kwamba mashine ni chuma na haina hisia. Akasema hewala.

Leo nimefanya jaribio la kisayansi. Nimeweka bilauri ya maji kwenye jiwe kando ya kigango, nikaketi na daftari kwenye kivuli cha kibanda cha mashine. Hapo ni hatua tisa tu, mahali pazuri pa kutazamia. Kelele za mashine zilinisumbua, lakini watafiti wa kweli hawalalamiki.

Matokeo: maji yalicheza treni ilipopita saa nne. Yalicheza pia saa tano, bila treni. Yakacheza saa sita, bila treni. Nimehitimisha kwamba ardhi yetu huhifadhi mtetemo kama chungu kinavyohifadhi moto. Hakuna mtu aliyewahi kuligundua hili! Saa saba maji yakatulia ghafla. Mbaruk alikuwa amezima mashine akaenda kuswali, kwa hiyo kulikuwa na utulivu wa kunitosha kuandika: "Saa saba, ardhi hupumzika."

Zipporah alipita akauliza ninamtekea nani maji yale. Nikamwambia ni sayansi. Akayanywa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimezunguka kutafuta nyufa. Hoja yangu ni kwamba kigango hakiwezi kuwa peke yake. Treni inayoweza kuinamisha mti wa futi tano lazima iwe imepasua kuta za watu.

Jirani yangu Mwambire ana ufa jikoni ambao kidole kinaingia. Nikaingiza kidole. Furaha niliyoipata! Nikamwambia aweke sahihi. Akasema ufa ule una umri wa miaka ishirini na mbili, reli ile haikuwepo, na aliyemjengea ni shemeji yake aliyechanganya saruji kwa kijiko. Nikamsihi afikirie upya. Nikamweleza kwamba nyufa za zamani huwa zinaitikia treni mpya kwa uchungu zaidi. Akasema, Mwalimu, huu ufa naujua tangu ukiwa unywele, usinifundishe habari za ufa wangu.

Siku nzima, sahihi tatu. Yangu. Ya Zipporah, ambaye chini yake ameandika "nimelazimishwa". Na ya mama mmoja aliyekuja kusaga mahindi, akadhani anaandikisha zamu yake ya foleni. Aliponiuliza yeye ni wa ngapi, nikamwambia wa tatu. Si uongo.

Gona ameleta chupa ya maziwa mlangoni, kama kila asubuhi. Eti hataki hicho kifuu. Eti saa ya kumimina mnazi ndiyo saa yake ya kukama. Mbinu ya zamani kabisa, kukataa cheo ili usukumiwe. Historia imejaa watu wa namna hiyo, nami niliifundisha kwa miaka ishirini na minne.

Nimeyanywa maziwa kwa uchungu.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikufanya kitu leo.

Nimekumbuka ile makala. Miaka kumi na moja sasa. Niliandika gazetini kwamba vigango, kwa karamu za kuvisimika, vinakula mbuzi wengi kuliko watoto wetu. Nilipongezwa hadi Kilifi mjini. Mtu mmoja aliyekuwa na hoteli kule Bofa alinipa mkono barabarani. Baba hakuwa msomaji. Gona ndiye aliyemsomea. Hakusema neno, wala mimi sikumuuliza. Nilikuwa ninasubiri aanzishe mjadala, nilikuwa na majibu tayari.

Alipofariki tulikuta kipande kile cha gazeti kwenye mfuko wa shati lake, kimekunjwa mara nne.

Nikamsimikia kigango kirefu kuliko vyote vya ukoo, na nikahakikisha uso wake unaelekea mlango wangu. Watu wakasema Dzombo amebadilika. Sikubadilika. Nilitaka tu anitazame.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu shajara haina mdomo.

Wote walikuwa kanisani. Mbaruk hasagi Jumapili. Boma tupu. Nikasoma mwiko upya, kama wakili. Mwiko unasema kigango hakiguswi. Kugusa ni kwa mkono. Mpini wa jembe si mkono! Nikauvisha mpini leso ya Zipporah ili usichubue mti, nikauweka begani mwa Baba, nikasukuma. Polepole. Kwa heshima zote. Nikamwambia, samahani mzee, ni sekunde moja.

Hakikusogea. Nikasukuma tena. Hakikusogea. Nikakumbuka ajenda ya kikao, nikasukuma kwa hasira ya miaka hamsini na minne.

Kikaenda chote kwa pamoja! Udongo pale chini ulikuwa umelegea kama unga. Kikapita wima bila kusimama, kikainama upande wa pili. Inchi nne. Sasa hakielekei kwa Gona wala kwangu. Kinaelekea reli.

Nikasikia nyimbo zinarudi njiani. Nikashika mpini nikakimbia. Leso ikabaki imening'inia kigangoni.

Shangazi aliiona kabla hajafika kwenye kivuli. Nikajua nimekwisha. Lakini yeye akapiga kigelegele! Akasema hatimaye katika nyumba hii kuna mtu aliyekumbuka kumvisha kaka yake nguo. Akamkumbatia Zipporah, akamwita binti yake. Zipporah akaitazama leso, akanitazama mimi, akautazama udongo kwenye viatu vyangu. Kisha akasema asante, Shangazi, ni wajibu wangu.

Ameolewa hapa miaka ishirini na sita. Leo ndiyo amependwa.

Halafu Shangazi akaona upande kilikoinamia. Akafuata kwa kidole pale kigango kinapoelekea, akavuka shamba, akavuka barabara, akafika kwenye paa la stesheni. Akasema kwa sauti ndogo: alikuwa amemchoka Dzombo peke yake, sasa ametuchoka sote. Kaka yangu anataka kusafiri.

Jumanne, 12 Agosti

Nimejibiwa!

Si na wenye reli. Na chuo. Mhandisi mmoja, Odera, anachunguza jinsi mitetemo ya treni inavyosafiri ardhini na kuathiri majengo, makaburi, visima na kila kilichosimama. Amesoma barua yangu yote. Kurasa sita! Anasema ni mara ya kwanza kuletewa taarifa ya kigango. Amekuja leo mwenyewe, bure, na kisanduku cha kupimia chenye miguu mitatu ya chuma. Mtu mrefu, mpole, anavua kofia kabla ya kuingia uani. Alimwamkia Shangazi shikamoo, akaomba ruhusa ya kukaribia kigango, akasema hatakigusa. Shangazi amempenda pia. Inaonekana wiki hii kila mtu anapendwa.

Kulikuwa na tatizo dogo. Katika barua nilithibitisha kwa kurasa mbili kwamba mawimbi ya treni husukuma vitu mbali na reli. Sasa kigango kinaelekea reli. Odera aliliona mara moja, akauliza kwa adabu. Nikamjibu kwamba mawimbi husukuma na kisha huvuta, kama bahari. Akaandika kitu. Natumaini aliandika hilo.

Kesho anapima kutwa. Nimemwagiza Mbaruk mashine isizimwe hata dakika moja, ili msomi huyu aone kwamba hapa ni boma la watu wanaofanya kazi, si la watu wa kulalamika.

Jumatano, 13 Agosti

Sijui niandike nini. Naandika.

Asubuhi Odera alichomeka miguu ya kisanduku karibu na kigango, akaunganisha na kompyuta. Mstari wa kijani ukatokea kwenye kioo. Akaomba kimya. Mbaruk alikuwa bado hajawasha mashine, akangoja. Tukasubiri treni ya saa nne, mimi, Shangazi, Zipporah, Gona na mkebe wake wa maziwa, na akina mama kumi na wawili na madebe yao ya mahindi.

Treni ikaja. Ndefu! Nyeusi! Ikanguruma tutani kama mwisho wa dunia. Nikautazama mstari.

Mstari ukatikisika kama mtu aliyeguswa na nzi.

Nikasema mashine yake imelala. Nikaamua kuiamsha. Nikaruka mara mbili, kidogo tu, kando yake. Mstari ukapanda! Nikamwonyesha. Odera akasema, Mwalimu, tafadhali usirukeruke karibu na kifaa. Akina mama wakacheka. Mmoja akaniita behewa.

Odera akaeleza. Tuta lile lina kokoto nene chini ya reli, nazo hula sehemu kubwa ya mtetemo. Kisha kuna mita mia tatu na zaidi za shamba. Nguvu hupungua kadiri inavyosafiri. Nyumba iliyo hatua ishirini kutoka relini, hiyo ingekuwa na la kusema, na amezipima nyingi za namna hiyo, zenye nyufa za kweli. Hii yetu, hapana.

Ndipo Mbaruk, aliyeagizwa mashine isizimwe hata dakika moja, akaiwasha.

Mstari wa kijani ukaacha kuwa mstari. Ukajaza kioo kizima. Odera akageuza shingo polepole, akakitazama kibanda. Akahesabu hatua kwa miguu yake. Tisa. Akachuchumaa, akaangalia chini ya injini, mahali inapokutana na sakafu. Akamuuliza Mbaruk kitu. Sikusikia Mbaruk alichojibu, lakini nilimwona akiielekeza mikono yote miwili, kwa adabu kubwa, kwenye dirisha la chumba changu cha kuandikia.

Ijumaa, 15 Agosti

Ripoti imefika. Kurasa nne. Ukurasa wa tatu ni wa fedheha.

Mtetemo kwenye kigango, kwa milimita kwa sekunde. Treni ya mizigo: sifuri nukta moja. Mashine ya kusaga: sita nukta nne. Na katikati, kwa herufi zilezile, kana kwamba ni jambo la kawaida: "Mwenyeji akiruka: sifuri nukta nane."

Nimeizidi treni mara nane. Mimi na viatu vya plastiki.

Anaandika kwamba udongo wa hapa ni mchanga mlegevu. Ukiutikisa kila siku hushuka na kujipanga upya, kama mahindi kwenye debe ukiligongagonga, na kilichosimama juu yake huinama. Chanzo ni injini iliyofungwa sakafuni bila mipira ya kuzuia mtetemo. Anapendekeza mipira irudishwe na mashine ihamishwe. Kuhusu inchi nne za upande wa reli, anasema kwa unyenyekevu kwamba mtetemo peke yake haungeweza kufanya hivyo kwa wiki moja, na kwamba aliona alama ya mpini kwenye udongo. Hataji mpini wa nani. Muungwana. Namchukia.

Mpango: nimechana ukurasa wa tatu. Kesho nitasoma wa kwanza, wa pili na wa nne. Wa kwanza ni jalada. Wa pili ni ramani. Wa nne ni shukrani, na mimi nimetajwa.

Limebaki jambo moja dogo. Odera alipewa chakula cha mchana na Zipporah. Wali wa nazi na samaki. Kwa shukrani amemtumia naye nakala ya ripoti, lakini Zipporah si msomaji wa ripoti.

Jumamosi, 16 Agosti

Kikao kimekwisha. Herufi zinarukaruka, na meza ina mipira.

Walikuja wazee watatu wa ukoo, Shangazi, Gona, majirani. Mwambire alikuja kutazama. Kifuu kilikuwa juu ya mkeka, na mnazi kwenye kibuyu kando yake. Nilisoma jalada kwa sauti nzito. Nikaeleza ramani. Nilipofika kwenye shukrani, Zipporah akasimama, akafunua nakala yake, akasoma ukurasa wa tatu wote. Anasoma vizuri. Sikuwahi kujua. Alipofika kwenye mwenyeji akiruka, mzee mmoja akamwomba arudie.

Shangazi akataka kuelewa. Kwa hiyo kaka yake hakugeuka? Zipporah akasema hakugeuka, Shangazi, ametikiswa. Kwa miezi sita mfululizo, na mashine, ili Mwalimu aandike barua zake vizuri. Mbaruk akaulizwa. Akasema hapendi kumsema bwana wake, kisha akaisema mipira yote minne, mmoja mmoja, na mguu wa meza uliouvaa.

Nilingoja kelele. Hazikuja. Shangazi Pola alianza kucheka. Akacheka mpaka akashika magoti, kisha akawa analia, na kusema, kaka yangu masikini, hukumchoka mtu, ulikosa usingizi tu. Wazee wakacheka. Nikaona mabega ya watu yakishuka, kila mmoja, kama waliotua mizigo. Hata Gona alifuta macho. Mwezi mzima walikuwa wanaogopa kwamba Baba anaondoka. Mimi nilikuwa ninaogopa kifuu tu. Au nilidhani hivyo.

Mzee mkubwa akatoa uamuzi. Kigango kitaombewa radhi na kukaa kama kilivyo. Mashine ihamishwe, ivishwe mipira yake. Na kifuu kibaki kwangu, maana marehemu hajamkataa mtu. Ila kwanza nikamwambie mwenyewe, hapo kigangoni, maneno mawili: ni mimi. Basi. Nimimine, twende tukale.

Gona akaja sikioni akaninong'oneza: kaka, umeshinda. Sema hayo mawili, unyamaze.

Nikashika kifuu. Mnazi ulikuwa umejaa hadi ukingoni. Nikakaribia. Leso ya Zipporah ilikuwa bado imening'inia pale begani, inapepea. Sijawahi kusimama karibu naye hivyo tangu tumsimike. Nikaona mchongaji alimpa uso mpole kuliko ninavyomkumbuka.

Nikasema: Baba, ni mimi.

Nilisikia kitu kikipanda kifuani, kitu kizuri, kama mtu anayetaka kulia. Nikaogopa. Nikaongeza: lakini.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Nilianza na kokoto za reli, kwamba si za ubora aliodai Odera. Nikaingia kwenye historia ya reli ya kwanza. Nikataja wakaguzi wa shule. Nikafika kwenye ile makala, nikamweleza Baba kwamba haikusomwa vizuri, kwamba Gona si msomaji mzuri, kwamba aya ya mwisho ilikuwa na maana tofauti, na kwamba kama angeniuliza ningemfafanulia. Nilikuwa na majibu tayari! Nikamwambia hivyo. Mara tatu nilimwambia hivyo. Na kila nilipotaka kukazia hoja, niliuinua mkono wenye kifuu.

Zipporah anasema nilizungumza dakika arobaini. Nilipomaliza niliinamisha kifuu. Hakikuwa na kitu. Mnazi wote ulikuwa kwenye shati langu.

Shangazi alinijia. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kusema. Alikitoa kifuu mkononi mwangu kidole kwa kidole, akampa Gona. Gona akakijaza. Akachuchumaa, akasema: Baba, ni sisi. Akamimina. Akasimama akaenda kukama ng'ombe.

Maneno mawili, na neno Baba. Sekunde nne, nilihesabu.

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Hali imebadilika, na wa kunipongeza hayupo.

Mashine imehamishwa na kuvishwa mipira yake, kama wazee walivyotaka. Wakaniachia nichague mahali, kosa lao. Nimeifunga ukutani mwa chumba changu cha kuandikia, upande wa nje, ili nimsimamie Mbaruk kwa karibu. Wiki nzima sasa nakipima kigango kwa timazi. Nasimama mbali, kwa sababu Gona ndiye mwenye mudzi na lazima niombe ruhusa. Hajawahi kuninyima. Kigango hakijasogea hata unywele!

Maelezo yako wazi. Treni zimepunguza kasi. Barua ya kumi na tisa imefanya kazi kimyakimya, kama barua nzuri zinavyofanya.

Lakini wamenilipizia kisasi. Tangu Jumatano chumba changu kinatikisika kutoka saa mbili asubuhi hadi jioni. Vikombe vinatembea rafuni. Ukutani pametokea ufa mpya, na kila nikiupima umeongezeka. Ule wa Mwambire si kitu. Wameuondoa mtetemo kwa Baba wakauelekeza kwangu binafsi. Saa saba unakoma, Mbaruk akiwa msikitini, na hiyo inathibitisha jedwali langu la Agosti tano: saa saba, ardhi hupumzika.

Zipporah amekwenda Mnarani kwa dada yake. Anasema huko kuna magofu ya mamia ya miaka, lakini yametulia. Ameacha leso yake kigangoni. Shangazi anaifua kila Ijumaa na kuitundika tena.

Jana jioni, mashine ikiwa kimya, nilikwenda nikasimama mbele ya Baba peke yangu. Nilitaka kuyasema yale maneno mawili. Niliyasema. Hakuna aliyesikia, kwa hiyo hayahesabiki. Kisha nikamweleza habari za kisasi. Alikuwa bado anaangalia stesheni.

Leo naanza barua ya ishirini. Mwandiko ulikuwa unarukaruka vibaya, hata tarehe haikusomeka, kwa hiyo nimeichukua tena ile mipira minne, nikaivisha meza. Mbaruk aliuliza, kwa idhini yangu, mashine itavaa nini. Nikamwambia mashine haiandiki barua.